Mji Aliowekewa Bibi

Mtu mmoja wa Pemba alikuwa na mama aliyempenda, watoto wawili wadogo, na mji mkubwa wa Madrid ulioanzia mlangoni kwake. Vyote hivyo alipewa pamoja. Sikilizeni alivyovipanga.

Jina lake Faki. Alikuwa mwoka mikate. Aliingia kazini alfajiri na kutoka adhuhuri, kwa hiyo jioni zote zilikuwa zake. Na jioni za mji ule ni za watoto. Jua likipunguza ukali, watu hushuka kutoka ghorofani wakajaa uwanjani: wazee kwenye mabenchi, kina mama na vigari vya watoto, mipira ikipita katikati ya miguu ya watu na hakuna anayekemea. Mtoto akianguka huinuliwa na yeyote aliye karibu. Pembeni mwa uwanja kuna farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki. Mbele kidogo iko bustani yenye ziwa na mashua za makasia, na kwenye kona yupo mama anayekaanga maandazi marefu, membamba, ya kuchovya kwenye chokoleti nzito. Faki aliyapita haya kila siku akitoka kazini. Mkewe Mize, binti yao Salha na mdogo wake Kombo waliyatazama kutoka roshani.

Msidhani Faki alikuwa mtu mkavu. Kwao Wete, mgeni anapotarajiwa, kilicho kizuri hakiguswi. Shuka mpya hubaki kwenye mfuko wake, sinia la maua hukaa juu ya kabati, na mtoto anayenyoosha mkono huambiwa, hicho cha mgeni. Hivyo ndivyo mama yake, Bi Hadia, alivyomlea, naye hakujua heshima kubwa kuliko hiyo. Siku aliposikia kwamba mama atakuja Uhispania kuwaona wajukuu, aliutazama mji ule mzuri, akauweka. Farasi, mashua, chokoleti, vyote vya Bibi. Wataonja pamoja atakapofika.

Lakini safari ya Bibi ilikawia. Mara magoti, mara msimu wa karafuu, mara hati za safari hazijakamilika. Kila jioni Salha alisimama kwenye roshani akamwuliza baba yake kama leo wanaweza kwenda kupanda farasi, na kila jioni baba alimpapasa kichwa akamwambia, "Bibi akija." Alisema kwa upendo, wallahi. Mize alimwambia, "Baba Salha, watoto hawa wanakua." Faki akacheka, akajibu kwamba ndiyo vizuri, watakuwa na akili ya kukumbuka. Kisha ikafika wakati Salha akaacha kuuliza. Baba yake alifurahi, akamsifu kwa majirani kuwa ni mtoto mwenye adabu.

Hatimaye Bi Hadia akaja. Jioni iliyofuata Faki alivaa kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe, akamshika mama yake mkono, wote wakashuka uwanjani. Furaha yake siku ile ungeiona hata kwa nyuma, katika mwendo wake. Wakaenda moja kwa moja kwenye farasi wa mbao. Mzee aliyewaangalia farasi hao alimtazama Salha toka juu hadi chini, akamwonyesha alama ya kimo iliyochorwa kwenye nguzo. Salha alikuwa ameipita. Faki akamsihi, akaeleza kwamba mtoto huyu amengoja tangu yuko mdogo kama wale wengine. Mzee alisikitika kweli, lakini akatikisa kichwa. Farasi wale walitengenezwa kwa ajili ya wadogo.

"Si neno, Baba," Salha akasema. "Mwache Kombo apande."

Akatabasamu tabasamu la mtu mzima, na hilo ndilo lililomchoma Faki. Kombo naye akakataa. Hakujua afurahi vipi na kitu alichozoea kukitazama kwa mbali. Alijificha nyuma ya kanzu ya baba yake akaanza kulia.

Bi Hadia akamgeukia mjukuu wake Salha. "Haya, mwanangu, nitembeze. Nionyeshe mji wenu." Salha akafikiri. Akasema kwamba anaijua njia ya shule, na njia ya dukani. Kwingine hakujui, kwa sababu kwingine aliwekewa yeye, Bibi.

Bi Hadia akakaa kwenye benchi. Alimtazama mwanawe bila hasira.

"Faki, mwanangu," akasema, "chakula umeniwekea mimi niliyeng'oka meno, na hawa wanaoota meno ukawaambia wangoje?"

Faki alichuchumaa mbele ya binti yake, palepale mbele za watu, akamwomba radhi. Kisha akamwuliza anataka nini sasa, jioni hiihii. Salha alichelewa kujibu, maana hakuzoea kuulizwa. Mwishowe akanong'ona kwamba anataka kukaa kwenye ngazi kama wale wengine, ale yale maandazi kwa mikono, na asiambiwe ajifute.

Wakakaa kwenye ngazi. Kombo alipoona dada yake amepakaa chokoleti mpaka puani, alicheka, akasahau kulia, akachovya vidole vyote kikombeni na kuvipangusa kwenye kanzu ya baba. Hakuna aliyemkemea. Mize alicheka mpaka akashika ubavu. Bi Hadia alipewa kipande, akakimung'unya, akasema ni kitamu kweli, na kilichobaki akamtia Kombo mdomoni. Baadaye msichana mmoja wa Kihispania alikuja na mpira, akamvuta Salha mkono bila hata kumwuliza jina, nao wakakimbia. Faki alimtazama binti yake akikatiza uwanja kwa miguu ile mirefu ambayo hakuiona ikirefuka. Alifurahi na alilia, vyote kwa pamoja, kwa sababu jioni ile ilikuwa nzuri, na jioni zilizopita nazo zilikuwa nzuri vilevile, na hazirudi.

Nanyi mnaonisikiliza, mnaosema tutaanza kufurahi na watoto wetu fulani akija, kazi hii ikiisha, tukishahamia kule: atakapofika huyo mnayemngoja, atawakuta wangali watoto?