Harusi Isiyo na Pweza

Mwanamke mmoja, jina lake Zuwena, alikuwa na tundu la pweza mwambani, alilorithi kwa mama yake. Kwao kila mwanamke ana matundu yake, na mwingine haingizi fimbo humo. Ukimtoa pweza leo bila kuvunja jiwe, hazipiti siku nyingi mwingine anahamia.

Mdogo wake, Faki, alikuwa anaoa. Desturi yao ni kwamba dada wa bwana harusi hupeleka pweza kwa wazee wa bibi harusi. Asipompeleka, hakuna ndoa. Zuwena, mdomo wake haujui kupumzika, alikwishatangaza kisimani kwamba ataleta pweza wa kujaza sufuria. Aliahidi pweza kabla hajamwona. Msicheke, nanyi huahidi hivyo hivyo.

Asubuhi ya harusi, maji yalipokupwa, akaenda. Akakuta tundu limezibwa kwa mawe kutoka ndani, na nje hakuna hata gamba moja la kaa. Akatoa jiwe. Mkono wa pweza ukachomoza, ukalichukua, ukalirudisha mahali pake. Akalitoa tena, likarudishwa tena. Zuwena alikasirika, kisha akajikuta anacheka peke yake kule mwambani. Akainama kuchungulia. Kwenye dari ya tundu yalining'inia mayai mengi, madogo kama punje za mchele, na mama yao alikuwa akiyapulizia maji na kuyapangusa kwa mikono yake. Alikuwa amekonda na kupauka. Pweza akishataga hali tena. Huyalinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa.

Fimbo alikuwa nayo, na hakuna aliyekuwa akimwona. Lakini huruma ilimshika. Akalirudisha lile jiwe mwenyewe, akaenda harusini mikono mitupu.

Mbele ya wazee alieleza yote, hata majigambo yake ya kisimani. Faki akainamisha kichwa, akijua mke anamponyoka. Ndipo bibi yake bibi harusi, mwanamke aliyevua pweza tangu ana meno yote mpaka hana hata moja, akacheka hadi ushungi ukamvuka.

"Pakueni wali, jamani," akasema. "Watu waliomwonea huruma mama aliye na wanawe, mjukuu wangu atakaa nao vizuri."

Vigelegele vikapigwa. Wali ukaliwa kwa mchuzi wa ngisi, na Zuwena akala kuliko wote, wala hakuona haya.

Sasa nawauliza, mnijibu kimoyomoyo: ni mlango wa nani tuliouvunja kwa sababu tu tulikuwa tumeshajisifu mbele za watu?