Mpaka Uji Uishe

Hapo zamani, na ninyi mnaosinzia huko nyuma nawaona, palikuwa na kijiji juu kabisa milimani, mahali ambapo baridi ikija hukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Huko sakitu ilishuka alfajiri ikayafanya majani yawe meupe kana kwamba yamemwagiwa chumvi, na jua lilipopanda majani hayo yaligeuka meusi. Kiazi kilichopandwa mapema kiliungua kwa baridi. Kilichopandwa kwa kuchelewa kilikutwa ardhini na mvua kubwa, kikaoza. Kwa hiyo siku ya kupanda haikuwa mchezo.

Aliyeijua siku hiyo alikuwa mtu mmoja tu, Bibi Sekela, mjane wa mzee Ambokile. Alikuwa na muo, ule mti uliochongoka wa kutobolea mashimo ya mbegu, aliopewa na mama mkwe wake. Mwenye muo ndiye aliyelima shamba la bondeni, lenye unyevu hata wakati wa kiangazi, na hakuna mtu kijijini aliyepanda kabla yake. Kanuni yake ilikuwa moja. Alfajiri nenda shambani, kaa chini juu ya udongo, bila mkeka wala ngozi, na bakuli la uji mkononi. Ukiweza kukaa mpaka uji uishe, panda. Ukiinuka kabla, rudi nyumbani ukamalizie uji wako jikoni.

Msicheke. Makalio hayajui kudanganya.

Mwaka huo Bibi Sekela aliona kwamba zamu yake imekwisha. Macho yalikuwa yameingia ukungu, akikaa chini lazima ainuliwe na watu wawili, na mwili wake ulisikia baridi hata saa sita mchana. Akawaita watatu wa nyumba yake: Tumpe, mjane wa mwanawe mkubwa, Lugano, binti yake aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mume, na Gwakisa, kitinda mimba.

"Wanangu," akasema, "nikikaa mimi, hatutapanda hata mwakani. Msimu huu pandeni ninyi. Shamba likichanua, nitampa muo mmoja wenu."

Roho ilimuuma kusema hivyo. Ni muo ule uliomfanya asalimiwe kwanza kila njia aliyopita.

Basi ikaingia njaa. Ghala likaisha, likabaki kapu moja la mbegu, na kapu hilo alilitunza Tumpe, juu darini, kwenye moshi wa jiko. Watoto wake walilia wakilitazama. Tumpe akawapikia mboga za porini, zile chungu ambazo mbuzi huzinusa akapita. Kisha Bibi Sekela akashikwa na homa. Akasema kwa sauti ndogo, "Tumpe mwanangu, nichomee kiazi kimoja. Kimoja tu."

Tumpe akalitazama kapu. Akamtazama mama mkwe wake. "Nisamehe, Mama. Hii ni mbegu." Akampa maji ya moto na mboga chungu. Bibi Sekela akageukia ukutani akalia kimya kimya. Homa ilimwacha, lakini neno lile halikumwacha.

Na mbegu ikabaki.

Baridi ikalegea. Jua likawa linatoka bila ukungu, ndege wakaanza kelele, na majirani wakatoa mbegu zao wakapanda, maana Bibi Sekela, walisema, amezeeka, tutamngoja mpaka lini? Lugano naye akalidaka kapu. Gwakisa akamzuia, akachukua bakuli lake, akaenda bondeni akakaa. Hakufika hata nusu ya uji. Aliruka kama aliyekalia siafu.

"Bado," akasema.

Majirani wakamcheka. Wakamwita mwoga, wakamwita bibi mdogo. Gwakisa akalipeleka kapu kibandani kwake akawa analala kando yake. Viazi vya majirani vikachipua, vikapendeza kweli, kisha asubuhi moja kijiji kikaamka kikakuta kila shina limekuwa jeusi. Wanawake walilia mashambani kama kwenye msiba. Gwakisa hakumcheka mtu. Alirudi kibandani akalifunika kapu vizuri zaidi.

Na mbegu ikabaki. Sasa ilikuwa mbegu pekee ya kijiji kizima.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu aone mashina yale meusi, Gwakisa hakumaliza uji tena. Kila alfajiri alikwenda, kila alfajiri aliinuka na bakuli lake nusu. Kapuni, machipukizi yakarefuka, yakapauka, na viazi vyenyewe vikaanza kunyauka.

"Mdogo wangu," Lugano akamwambia, "ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Dada, haraka haraka haina baraka."

Alfajiri moja Lugano akaenda bondeni peke yake. Akakaa. Akanywa uji mpaka ukaisha, akakwangua bakuli kwa kidole. Gwakisa alikuwa amekwenda kuchanja kuni. Lugano akaingia kibandani akachukua kapu, akaingia kwa mama yake aliyekuwa bado amelala akachukua muo, na kabla jua halijapanda juu, mbegu yote ilikuwa ardhini.

Gwakisa akamkuta kwa mama yao, amekuja kurudisha kapu na muo. "Umeiba mbegu! Na muo wa Mama hujapewa!"

"Nimekaa chini, na uji umeisha."

"Uji wako wewe huisha kila mara! Tangu utotoni unakula kama unafukuzwa!"

Bibi Sekela akacheka bila kutaka. Kisha akaacha kucheka, akaogopa, maana kapu alilolipapasa lilikuwa tupu.

Viazi vikachipua. Na jioni moja upepo ukatulia, mbingu ikawa safi bila wingu hata moja, na kila mtu mlimani alijua maana yake: sakitu inarudi. Gwakisa akajifungia ndani kwa hasira. Tumpe alikuwa na watoto. Lugano akakata nyasi kavu mwenyewe, akafunika shina moja moja, asubuhi akayafunua, jioni akafunika tena, mpaka baridi ilipochoka. Mikono yake ilipasuka ikatoka damu.

Na shamba likachanua.

Wakamshika Bibi Sekela mkono mpaka bondeni. Hakuyaona maua, aliyagusa. Majirani wakaja wakasimama mpakani na makapu yao matupu. Bibi Sekela akataka kila mmoja aseme kwa nini apewe muo, na Tumpe akaanza.

"Mama, nilikunyima, na najua hujasahau. Ningekupa wewe kimoja, kesho yake ningewapa wanangu, na keshokutwa kapu lingekuwa la kutagia kuku. Hawa wawili walibishania siku ya kupanda. Kama si mimi, wangebishania nini?"

Gwakisa akasema, "Shemeji aliiokoa mbegu na matumbo yetu. Mimi niliiokoa na baridi, siku kila mtu ananicheka. Nilifuata neno lako, Mama, sikuongeza wala sikupunguza. Dada alibahatisha. Ukimpa muo mtu wa kubahatisha, mwakani kijiji kizima kitabahatisha."

Lugano akaonyesha viganja vyake, kisha akakumbuka kwamba mama yake haoni vizuri, akavishusha. "Niliiba, sikatai. Lakini mbegu niliyoiiba nimeirudisha, hii hapa inachanua. Ningemngoja Gwakisa, mvua ingetukuta tumekaa chini na mabakuli yetu."

Bibi Sekela akauweka muo mapajani. Akamfikiria Tumpe, na tumbo lake likamkumbusha homa. Lakini mkono uliomnyima yeye, ungeogopa kumnyima nani mwingine? Akamfikiria Gwakisa, aliyetii kuliko wote, na aliyekaribia kuinyausha mbegu kwa kutii. Akamfikiria Lugano. Maua yote haya yalikuwa ya mikono yake. Ila aliyeuchukua muo kabla ya kupewa, akishapewa atamsikiliza nani?

Alitamani kuukata vipande vitatu. Muo uliokatwa hautoboi shimo.

Jirani mmoja akashindwa kuvumilia, akaita kutoka mpakani: "Bibi, tuambie tuondoke. Mwakani tumngoje nani?"

Mkono wa Bibi Sekela ukaunyanyua muo. Na aliyenisimulia mimi alinyamaza papo hapo, akainuka akaenda zake kulala, nami nimeubeba mkono ule hewani miaka yote hii. Leo nautua mzigo huo, nawatwika ninyi. Je, nani alistahili muo: aliyenyima, aliyekawia, au aliyeiba?