Waya Uliochomolewa Mbele ya Wageni

Hapo zamani, kompyuta zilipokuwa zimekwisha kujifunza kuitana, watu wawili walikuwa wanagombana katika maabara ya chuo kimoja cha kilimani, na korido imejaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaongoja somo lao.

"Ulinivua nguo mbele ya wageni," Mbonea alisema. "Mwaka mzima naandika programu, wewe unakuja kuchomoa waya. Wivu tu, Tusekile."

"Wivu wa nini? Wa kitu kilichokufa nilipokigusa?"

"Hukukigusa. Ulikinyonga."

Tusekile alihisi masikio yakimchoma, kama yalivyomchoma siku ile ya wageni.

Waacheni wagombane kidogo, msikie kwanza walichokuwa wanagombea.

Katika maabara ile zilisimama mashine tatu, zikitunza kumbukumbu zilezile. Moja ilikuwa mkubwa wa wenzake. Kila mara iliwaambia: nipo. Nipo. Nipo. Ikinyamaza, hizo nyingine zilipaswa kupata mkubwa mpya, kazi iendelee, na mtumiaji asijue kwamba kuna msiba. Ndivyo alivyofundisha mwalimu wao, Dokta Kabyemera: mashine hufa, kazi isife.

Aliyewaza jambo lile alikuwa mwanafunzi mwenzao, Hidaya. Alilichora ubaoni kwa chaki, akaweka sharti: mashine yoyote isijiite mkubwa mpaka zaidi ya nusu ya zote zikubali. Mwenzako akinyamaza usirithi, alisema, uliza kwanza. Kisha mama yake akapigwa na kiharusi, naye ndiye mtoto wa kwanza. Akaondoka. Hakumuaga mtu, simu hakupokea, na muhula ulipokwisha chuo kikafuta jina lake. Tusekile, aliyekuwa analala naye chumba kimoja na kula naye sahani moja, alimngoja mpaka kungoja kukageuka hasira.

Mbonea akauchukua mchoro, akaandika programu. Aliandika kweli, tusimwonee. Likizo zote hakwenda kwao. Lakini kule kuulizana kuliichelewesha mashine, naye alitaka mwendo, akaliondoa lile sharti. Tena kila alipojaribu kazi yake aliizima mashine kwa adabu, na mashine ikizimwa kwa adabu huwaaga wenzake na kumtaja mrithi. Kila kitu kikaenda sawa.

Kazi ya Tusekile ilikuwa kuunganisha nyaya na kuwafundisha mwaka wa kwanza. Alimwambia Mbonea kwamba umeme ukikatika hauagi mtu. Akamwambia tena. Mbonea akajibu, "Wewe una nyaya zako, dada. Programu niachie mimi."

Siku ya wageni, watu wa hospitali walikuja kuona kitu watakachokitumia wodini. Ukutani likatokea jina la kazi, na chini yake jina la mtu mmoja, Mbonea. Hidaya hayumo. Tusekile hayumo. Baadaye Tusekile aliwaambia watu kwamba alitaka tu kuijaribu mashine. Lakini mkono wake ulijua. Alipita nyuma ya rafu, akaushika waya wa mashine kubwa, akauchomoa.

Mashine kubwa ikanyamaza. Ya pili ikasema, mkubwa ni mimi. Ya tatu ikasema, mkubwa ni mimi. Hakuna iliyomwuliza mwenzake. Muuguzi mmoja akaandika kwenye hii kwamba mgonjwa wa majaribio amekwisha kuchomwa sindano. Metroni, mama mnene mwenye miwani ya kamba, akasoma kwenye ile kwamba bado.

"Sasa mimi nimchome au nisimchome?" aliuliza. "Nauliza, maana mgonjwa ni wenu humo kwenye kioo, lakini sindano ni yangu."

Wageni wakaondoka soda zao zikiwa hazijafunguliwa.

Mbonea hakukimbia. Alirudi kwenye programu, akalirudisha sharti la Hidaya, na safari hii Tusekile alichomoa nyaya atakavyo, mashine zikaulizana, zikakubaliana, kazi ikaenda. Hospitali ikaridhika. Chuo nacho kikatoa nafasi moja: mmoja wa waliofanya kazi ile angesomeshwa mpaka shahada ya juu kabisa, na kama alikuwa amefutwa angerudishwa. Mmoja tu. Na jina lilitakiwa siku hiyohiyo.

Ugomvi ule wa wawili ulikuwa siku hiyo, na katikati yake mlango ukafunguliwa, akaingia Dokta Kabyemera, na nyuma yake Hidaya, amekonda, mikono inanuka sabuni ya kufulia mashuka ya mgonjwa.

Tusekile hakumsalimu. "Ungesema neno moja," alimwambia. "Nipo. Basi."

"Ningesemaje nipo, na sikuwepo?" Hidaya hakuinua sauti. "Nilikuwa namgeuza mama kitandani asipate vidonda. Wewe ulikuwa darasani."

Dokta akawataka kila mmoja aseme haki yake. Hidaya akasema kazi yote ilitoka kichwani mwake, na mashine zimepona kwa sharti lake. Nafasi ile ndiyo mlango pekee uliobaki wa kumrudisha shuleni. Mbonea akasema mawazo hayatembei yenyewe. Yeye ndiye aliyeyapa miguu, akakosea, akarekebisha, na siku zote hizo wenzake mmoja hayupo na mwingine anamsimanga. Tusekile akasema bila waya wake programu mbovu ingekwenda wodini, na mtu angechomwa mara mbili.

"Ungeniita pembeni ukaniambia," Mbonea alisema.

"Nilikuambia. Ukanipa nyaya zangu."

"Na jina langu nani alilifuta?" Hidaya aliuliza.

"Chuo kilikufuta kabla yangu," alisema Mbonea, na hapo hata yeye aliinamisha macho.

Dokta akagonga meza. Aliwaambia watafuata sharti lilelile: atakayekubaliwa na zaidi ya nusu, nafasi ni yake. Wapo watatu, basi anayeitaka apate sauti mbili, yake na ya mwenzake.

"Mimi," alisema Hidaya.

"Mimi," alisema Mbonea.

Wote wakamtazama Tusekile. Alimtazama Hidaya, shingo ile iliyokonda, na jina la rafiki yake likafika kwenye ulimi. Kisha akakumbuka simu iliyoita bila kupokewa, akakumbuka na ukuta ule wenye jina moja.

"Mimi," alisema.

Dokta Kabyemera aliwaangalia kama mtu anayeangalia mashine zilizomfedhehesha. Alikwenda mlangoni, akaufungua kwa nguvu, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuwa wameegemeza masikio nusura waangukie ndani.

"Msijifanye hamkusikia," aliwaambia, mkono ungali kwenye kitasa. "Aliyewaza aliondoka bila kuaga. Aliyejenga aliondoa sharti, akaficha majina ya wenzake. Aliyefichua ubovu alifanya kwa hasira. Hawa wameshindwa kukubaliana, na mimi nimechoka nao. Semeni nyinyi: je, nafasi hii nani anaistahili?"