Kahawa Iliyouzwa Ingali Ua

Mama mmoja aliambiwa kwanza na wifi yake, Ma Kokwijuka, walipokutana njiani kwenda kuchuma kahawa ya ukoo.

"Rudisha kikapu chako nyumbani, wifi. Kahawa si yetu."

Mama yule akacheka. Alikuwa na mtoto mgongoni, na binti yake mkubwa alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari. Fungu lake la kahawa ya mwaka huu ndilo lilikuwa sare, godoro na nauli ya binti huyo. Nani wa kumwambia si lake?

Wanajumuiya wenzangu, walipofika shambani waliwakuta vibarua wageni wamejaa kwenye miti, wanachuma zilizoiva huku wanaimba. Mnunuzi amekaa juu ya gunia.

"Shikamoo mzee," mama yule alisema kwa sauti ndogo, maana hakuwa msemaji. "Hili ni shamba la ukoo wetu."

"Marahaba. Shamba ni lenu, mama. Kahawa ni yangu. Msimamizi wenu aliniuzia ingali ua."

Butura mnaijua. Mti unachanua, mwenye shida anauza maua kwa bei ya kutupa, na mnunuzi anangoja kuchuma matunda.

"Basi sisi tutachuma mwakani."

"Mwakani nayo nimeshanunua."

Mama akageuza macho kwenye kona ya chini, kwenye miche waliyoipanda juzi kwa ajili ya watoto, mifupi kuliko goti lake. Haijawahi kutoa ua hata moja. Mnunuzi akaona anakoangalia.

"Na hiyo pia," akasema, bila ubaya wowote.

Akakaa chini pale pale, na mtoto mgongoni. Ua ambalo halipo linauzwaje?

Akaenda na wifi yake kwa msimamizi. Alikuwa shemeji yake, kijana mcheshi, aliyependwa kuliko wote waliomtangulia kwa sababu aliacha kuwachangisha watu. Kila sikukuu alichinja ng'ombe. Kila nyumba ya ukoo aliiezeka bati jipya.

"Shemeji, ulimuuliza nani ulipouza?"

Hakukasirika. "Na wewe ulimuuliza nani ulipokula? Mwaka wa kwanza niliomba kila nyumba ilete mchango, mkanizomea, mkaniita mnyonyaji. Mwaka wa pili nikaleta ng'ombe, mkanibeba mabegani. Mlidhani nyama imetoka wapi? Ukirudi kwako tazama juu, shemeji. Lile bati ndiyo ile miche."

Mama yule akakumbuka ile nyama. Ni kweli alikula. Tena alirudia.

Je, sisi tutamrushia nani jiwe? Serikali ikitumia zaidi ya inachokusanya, pengo halizibwi kwa upepo. Linazibwa kwa mkopo, na mkopo ni ua la mti wa mtoto wetu. Sisemi kila mkopo ni dhambi. Msimamizi wa zamani naye alikopa, akanunua miche ya kahawa, na matunda yake yakalipa deni na kubakiza. Kukopa ili upande si sawa na kukopa ili ule. Tena miaka ile ya nyama na bati, fundi alipandisha bei, na muuza sukari akapandisha, maana fedha zilikuwa nyingi mikononi na kahawa haikuongezeka hata debe. Bibi mjane asiye na wa kumsaidia akanywa uji bila sukari, wala hakujua kwa nini.

Leo tunashangaa kodi yetu inakwenda kwa wanaotudai kabla haijanunua dawa ya zahanati. Tunashangaa nini? Anayetupa tunampenda, anayetuomba tunamzomea, kisha tunaapa kwamba hatujui shamba limekwendaje. Yule anayesimama mbele yetu na kusema, "Nitawapa hiki na kile, wala sitawaomba senti," tumewahi kumuuliza neno?

Kesho yake asubuhi msimamizi alichinja tena, ili kuwatuliza watu. Na watu, Mungu atusamehe, wakapanga foleni na mabakuli yao. Mama yule naye alipanga. Tangu aolewe hakuwahi kusema neno mbele ya ukoo. Zamu yake ilipofika, msimamizi amemshikia kipande kizuri cha paja, mama akafunika bakuli lake kwa kiganja.

"Shemeji, nyama hii ni ya mti upi?"

Msimamizi akabaki na kipande mkononi.

Mama akaondoka, akaenda kwake, akarudi na mkungu wa ndizi kichwani, ule aliokuwa amepanga kuuuza apate nauli ya binti yake. Akautua miguuni pa shemeji yake.

"Mchango wangu huo," akasema. "Tuanze kwa kuikomboa miche."