Ukoko Katika Tundu la Tasa

Wazee wetu walipokea, nasi tukapokea kwao, ya kwamba mwaka 614 wa Hijra, katika nchi ya kusini, mvua zilichelewa siku arobaini, na pepo kavu zikapasua hata midomo ya ngamia. Alikuwako Shaikh Muqbil bin Harith, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa wakili mbele ya makadhi kwa miaka ishirini, kisha Sultani akampa kiti katika Baraza la Shura linalotunga kanuni za nchi.

Siku moja Baraza lilijadili kanuni moja: hukumu iliyopita miaka kumi na mitano isifunguliwe tena. Mlangoni Muqbil akamkuta ajuza wa mashambani, Bi Rumaitha. Alimtambua mara moja, kwani miaka kumi na tisa nyuma alimshinda katika kesi ya maji.

Huko zamu ya maji ya mfereji hupimwa kwa tasa la shaba lenye tundu chini. Huwekwa lielee juu ya maji ya mtungi, na likijaa likazama, zamu imekwisha. Bi Rumaitha alidai tasa la jirani yake huchelewa kuzama, na hivyo zamu ya jirani hurefuka na mitende yake yeye hukosa maji. Kwa ada ya mahakama ile, matasa yakilingana upana na uzito huhukumiwa kuwa sawa, nayo yalilingana. Lakini Muqbil, wakili wa jirani, alipolishika tasa la mteja wake asubuhi ya kesi, kidole chake kiligusa ukoko wa chokaa uliolibana tundu. Hakuulizwa, naye hakusema. Mama akarudi kwao na jina la mwongo.

"Ungali hai, mama?" akamuuliza.

"Mimi ni hai, Shaikh, mitende ndiyo iliyokufa. Wala sikuijia hiyo. Nimekuja nisikie mtu akisema sikuwa mwongo, kabla hamjaufunga mlango."

Ndani, kura zikawa tano kwa tano, ikabaki yake. Mzee Shuraih, mpenda mzaha, akacheka: "Ulimi uliowachosha makadhi leo umepatwa na nini? Sema 'naam', tukale!"

Muqbil alijua kwamba kwa neno hilo moja siri yake ingefunikwa na sheria yenyewe. Alijua pia kwamba mwenye kuficha ushahidi haketi Barazani, wala hasimami tena mbele ya kadhi.

Akasimama. "Sikubali. Nami niondoeni, kwani niliujua ukoko wa tasa lile, nikanyamaza. Mwanamke aliye mlangoni alisema kweli."

"Ndugu yangu," Shuraih akanong'ona, "nani angejua?"

"Hata siku ile nilijiambia hivyo hivyo."

Akavua joho, akatoka, akayarudia maneno yale kwa sauti mbele ya umati. Bi Rumaitha akamsogelea.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nawe ulichelewa kuzama, Shaikh." Akaokota fimbo yake, akashika njia ya kwao.

Enyi ndugu, mbele ya kadhi Muqbil hakutamka uongo hata mmoja. Kimya chake ndicho kilichodanganya. Ukoko ule haukuzidi unene wa ukucha. Gharama yake: mitende thelathini na minne, kiti kimoja cha Baraza, na miaka kumi na tisa ya jina la mwanamke.