Kamba Koche wa Meza ya Tatu

Bwana Shaali wa Pangani alikuwa na hoteli kubwa na mkono wa birika. Alipomwita Mwatumu aje kumpigia picha za menyu, alimpokea kwa sharti.

"Najua nyinyi wapiga picha mna desturi ya kula mnachokipiga. Hapa kwangu hakuna. Huyu kamba koche akishapigwa picha anakwenda meza ya tatu. Hutaonja hata mchuzi wake."

"Nimekusikia, bwana."

Mwatumu akatoa mkobani chupa ya kupulizia, akamrashia kamba koche mpaka akametameta.

"Nini hicho?"

"Cha kumng'arisha. Bila hiki, pichani ataonekana mchovu."

Bwana Shaali akachungulia kwenye kamera, akachekelea. "Ongeza! Ongeza tena!"

Mwatumu akaongeza, akapiga picha zake. Mhudumu alipokuja kuchukua sahani, Mwatumu akamgeukia Bwana Shaali.

"Huyo mgeni wa meza ya tatu, tumbo lake lina nguvu?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu. Wenzangu wengine hupulizia chakula dawa ya nywele. Wengine, vanishi ya mbao."

Bwana Shaali akampokonya mhudumu sahani, akamsukumia Mwatumu. "Unataka kuniulia wateja? Kamtupe! Tena mbali, paka wasije wakanifia mlangoni!"

"Mbali wapi, bwana?"

"Huko huko kwenu!"

Kwao, mama yake alinyofoa mnofu wa mkiani, akatafuna, akakunja uso.

"Mwanangu, mbona ndimu imezidi?"

"Usinilaumu mimi, mama. Mwenye hoteli ndiye aliyesema niongeze."