Zamu ya Mwisho Mferejini

"Mgawa maji humwagilia mwisho," alirudia Mzee Mbonea, akiwa ndani ya mfereji, tope magotini. Vijana waliokuwa wakizibua mfereji pamoja naye waliisikia kauli hiyo jana mkutanoni, mama mmoja alipomjibu mbunge aliyekuwa akieleza kwa nini anahitaji gari jipya. Sasa walitaka kujua imetoka wapi. Mzee hakuweka jembe chini.

Methali hii ilianza hivi, akasema, katika mfereji huuhuu.

Zamani mgawa maji alichaguliwa kwa punje. Kila kaya ilitia punje moja ya mahindi katika kibuyu cha mtu inayemtaka. Mwaka mmoja kibuyu cha Mrindoko kilijaa. Alikuwa mpole na mchapakazi, na watu kwa furaha wakampa heshima mbili: asichimbe tena mfereji, na shamba lake lipate maji kwanza. Hakuomba.

Shamba la mwisho, chini kabisa, lilikuwa la mjane Nakijwa. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, nayo ndiyo chakula cha wanawe wanne mpaka masika. Maji yakaanza kumfikia membamba kama uzi, kisha hayakufika. Alimwendea Mrindoko mara mbili. Mara zote mbili alimkuta barazani, shamba lake kijani kibichi, naye Mrindoko akamwambia kwa upole kwamba maji ni mengi, avute subira. Nakijwa alirudi akiwaza. Mtu yule hakuwa anadanganya. Hakuwa anajua.

Kikao kilipoitwa, wengine walimwita Mrindoko mwizi, wakataka aondolewe. Nakijwa akaomba kusema.

"Hajaiba. Tulimpa wenyewe. Mkimweka mwingine na heshima zilezile, naye atakaa barazani vilevile."

"Sasa wataka nini, mama?" akauliza Mrindoko.

"Ubaki. Ila zamu yako iwe ya mwisho, baada yangu."

"Na yasiponifikia?"

"Utapanda juu kuyatafuta, baba, kama ninavyopanda mimi. Njia nitakuonyesha."

Watu walicheka. Mrindoko naye akacheka, lakini kidogo, kisha akakubali.

Asubuhi yake alipanda. Alikuta ukingo umebomoka na matundu mawili ya wizi, moja la shemeji yake. Akayaziba yote kwa mikono yake, shemeji akimtazama. Siku ya tatu maji yakafika kwa Nakijwa. Robo ya maharage ilikuwa imekauka, yaliyobaki yakazaa. Tangu hapo hakuna aliyechaguliwa akapewa zamu ya kwanza.

Jua lilikuwa limeinama, na sehemu ya chini ya mfereji bado ilikuwa tope tupu. Kijana aitwaye Kajiru alisema kesho waanzie huko, kwenye shamba la mzee, maana mwaka huu yeye ndiye mgawa maji na amechoka.

"Kesho tunaanzia hapahapa tulipoachia," alisema Mzee Mbonea, akipangusa jembe kwa majani. "Kwangu tutafika tukifika. Mgawa maji humwagilia mwisho."